Kopo la Mtemi

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika halafu nikasubiri kidogo, mazoea tu, maana kila asubuhi nilikuwa naisema nikiwa na ndoo mkononi, nawe unaitikia umeshainamia viatu vyako. Sasa hakuna wa kuitikia. Ningekuja kukuambia pale pale kaburini Kwihara, lakini huwa tunakwenda na Mama, na hili nataka ulisikie wewe kwanza.

Mtemi amekufa, Baba. Niliyemuua ni mimi.

Haya, nimeshasema. Mtu mwingine akiiokota barua hii atadhani nimemwaga damu. Kumbe ni mashine ya kukatia majani ya pale shuleni, ile yenye kiti, waliyoiacha Wazungu. Wewe ndiye uliyeibatiza jina baada ya Uhuru, watemi walipoondolewa. Ulikuwa unawachekesha walimu: watemi wote wameshushwa, huyu peke yake kabaki na kiti chake, na anayekalia ni mimi Rashidi. Ukivuka uwanja umenyoosha mgongo, kofia kichwani, wanafunzi wanakupigia saluti za utani nawe unazipokea bila kucheka hata kidogo.

Mwezi wa sita tulimlaza pamoja kwa ajili ya kiangazi, unakumbuka? Ulimwacha angurume mpaka petroli ikaisha yenyewe. Ukamwaga oili ingali moto. Mimi nikalala chini kukwangua majani yaliyogandia kwenye visu, nawe unanisimamia na maneno, hapo bado, hapo pia, umeoza macho wewe? Ukafungua plagi, ukatia kijiko kimoja cha oili safi, ukazungusha hendeli kwa mkono taratibu kama mtu anayepepea mtoto. Tukampandisha juu ya matofali manne ili matairi yasilemewe. Betri ukaileta nyumbani ukaisukuma uvunguni mwa kitanda, Mama akalalamika wee mpaka akachoka. Mwisho kabisa ukalifunika bomba la moshi, lile linalosimama wima pembeni ya boneti, kwa kopo la maziwa ya unga. Bati la banda juu yake lilikuwa na tundu. Uliomba bati jipya miaka mitatu, ukaambiwa subiri, subiri. Basi ukatia kopo. Ukasema hata Mtemi halali kichwa wazi.

Ulimlaza vizuri, Baba. Nataka hilo liandikwe mahali, japo hapa.

Ukatuacha mwishoni mwa mwezi wa tisa. Shangazi Mwamini akafunga banda lako kwa mkono wake, akaufunga ufunguo kwenye kamba pamoja na kofia yako, akatutangazia kwamba kwetu pahali pa kazi pa marehemu hapafunguliwi mpaka arobaini. Hakuna aliyebisha. Hata Mkuu wa shule aliitikia kwa kichwa, maana bado ilikuwa kiangazi na majani hayakuwepo.

Siku ya tatu, siku ya hitima, watu wamejaa uani, mchele unataka kuingia sufuriani na kibaba hakionekani. Shangazi anapiga kelele, leteni kopo lolote jamani, watu ndio hao! Nani akakumbuka? Mimi, mjanja. Nikauchomoa ufunguo, nikaingia bandani, nikalitwaa kopo kichwani mwa Mtemi, nikafunga. Sikugusa kingine. Nilijiona hodari hasa. Mchele ukapimwa, watu wakala, wakakuombea dua.

Nilikusudia kulirudisha jioni. Jioni wageni walikuwa wengi. Kesho yake nikasahau. Keshokutwa nikakumbuka, nikasimama na kopo mkononi mbele ya ufunguo, nikajiambia, Zuhura, umeshavunja mwiko mara moja, usiuvunje mara ya pili, Baba atakuchukia. Nikalirudisha jikoni. Hebu niambie, kuna upumbavu unaozidi huo? Kulichukua sikuogopa, kulirudisha ndiko nikaogopa.

Mvua ikaja mapema, arobaini bado. Mvua yenye hasira, siku mbili mfululizo. Nilifurahi mimi! Nikatoa masufuria nje kukinga maji. Nikasonga ugali, na unga niliupima kwa kopo lile lile, Baba, wakati maji yanamdondokea tone tone ndani ya koo lake. Sikumkumbuka. Wallahi sikumkumbuka hata dakika moja.

Tulipofungua banda baada ya arobaini, Fundi Selemani, yule rafiki yako wa gereji, alikuja kunisaidia kumwamsha. Hendeli ikagoma. Akaibembeleza kama wewe, ikagoma. Akafungua kichwa cha injini, yakatoka maji mekundu kama chai ya rangi. Akaingiza kidole, akakinusa, akatikisa kichwa. Pistoni imeshikana na kutu, akasema, na pistoni ya mashine hii huipati Tabora, huipati Dar, huipati popote. Halafu akaliangalia bomba, akaliangalia tundu la bati, akasema kwa upole, maana alikupenda, maskini Mzee Rashidi, alichoka, alisahau kufunika.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamletea maji anawe mikono.

Ikaundwa kamati. Mkuu akasoma karatasi kwa sauti ya msibani, kwamba mashine ya umma imeharibika kwa uzembe wa marehemu. Uzembe, Baba! Wewe uliyekuwa unaosha mikono kabla ya kumshika! Nikafungua mdomo. Hapo hapo akageuza ukurasa, akasema kwa kuwa binti amezoea mazingira ya kazi, kamati imeonelea apewe ufunguo wa stoo, na mama yake abaki katika nyumba ya shule. Watu wote wakanigeukia kwa huruma. Unajua nilisema nini? Nilisema asante sana, Mkuu.

Mdomo uliokuwa umefunguka kukutetea ndio uliotoa asante.

Tangu hapo mambo yamekuwa hivi. Uwanja sasa unafyekwa na wanafunzi, kila darasa na kipande chake, na ndiko kujitegemea kwenyewe, sina neno, lakini umebaki mabaka mabaka. Betri imepelekwa ofisi ya chama iendeshe redio. Matairi yamekwenda kwenye mkokoteni wa kijiji cha ujamaa. Mtemi mwenyewe wamemsukumia nje, yuko juani juu ya matofali yako, na wanafunzi wanagombania kukaa kwenye kiti. Wale wapya, ambao hawakukuona hata siku moja, nimewasikia wakielekezana, tukutane kwenye ile mashine aliyoiharibu Mzee Rashidi. Ndilo jina la mahali sasa. Nikiwa napima maharage stoo huwa nasikia, nakosea hesabu, naanza upya.

Nimejaribu kujipa moyo, umekataa. Nikisema, injini haiamki. Nikisema, stoo wananinyang'anya na nyumba tunatoka, na tutakwenda wapi? Nyumba yako ya Kwihara ilibomolewa watu walipohamishiwa kijijini, unajua mwenyewe, pamebaki ukuta mmoja na kaburi lako. Mama miguu inamvimba. Nikinyamaza, tunakula, na wewe unaitwa mzembe mpaka kiyama. Nimezunguka humo miezi mitatu, Baba. Sali nasali, lakini nikifika kwenye kukuombea naona haya, nakatisha.

Juzi Fundi Selemani alipita kutusalimu. Akala kwetu. Katikati ya chakula akasema, mimi yule mzee simwelewi, miaka yote hiyo hakuwahi kusahau, iweje asahau mara moja? Mama akajibu, ugonjwa ulikuwa umeshamwingia, hatukujua tu. Akasema hivyo huku akikutetea, na machozi yanamtoka. Akainuka, akapima unga wa ugali wa nyongeza kwa kopo lako.

Leo Jumapili nimelitwaa. Nimeliosha mara tatu, lakini kwenye mshono wa chini unga umeganda, hautoki hata kwa kucha. Nimelifunga kwenye kanga na kuliweka karibu na mlango. Sitegemei chochote kizuri, usidhani. Labda Mkuu atakasirika, labda ataniambia karatasi imeshapelekwa juu na haibadilishwi. Inawezekana kabisa ikabaki kama ilivyo.

Lakini nakuahidi hili, Baba. Kesho kengele ya paredi ikigongwa, wanafunzi na walimu wakiwa wamesimama, nitakwenda mbele na kopo mkononi. Nitasema mimi Zuhura ndiye niliyelitoa. Nitasema Mzee Rashidi alifunika. Wakiniruhusu nitalirudisha pale juu ya bomba, ingawa ndani hakuna cha kulindwa tena. Wakinikatalia, nitakuwa nimeshasema.

Buriani, Baba yangu. Mungu akulaze kwa utaratibu ule ule uliokuwa unamlaza nao Mtemi. Usiponisamehe nitaelewa.

Mama amepita sasa hivi akiangaza jikoni. Ananiuliza kopo liko wapi, kesho atapimia nini unga. Nimemwambia nitamtafutia jingine. Ameridhika, amekwenda kufagia ua wa nyumba yake.

Mwanao,
Zuhura