Rangi Nne kwa Mbuzi wa Ata

Lodwar, Jumatatu 3 Juni 1974
Nimeng'oa mwiba kwenye akala. Wa tatu wiki hii. Akala hizi nilizikata mwenyewe kwa tairi la lori lililopinduka nikiwa ndani. Nilitoka bila hata mkwaruzo, na dereva nikambeba mgongoni hadi barabarani. Watu hawaamini. Shauri yao.
Barua kutoka Kakuma. Ni Nawoi, binti wa dada yangu, karani wa kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu vya majani ya mkoma. Duka moja la Kitale linataka vikapu mia nne. Kila kikapu lazima kiwe na kadi yenye alama ya kikundi, bila kadi hawachukui. Lori la duka litakuja tarehe ishirini. Anasema mjomba ndiye anayejua mambo ya uchapaji.
Nani mwingine? Miaka sita nilikuwa kiwandani Nairobi. Naondoka kesho kutwa.

Kakuma, Alhamisi 6 Juni
Nimepokewa kama mkuu wa wilaya. Tumekaa kivulini nyuma ya stoo, akina mama kumi na wanane. Pesa ya kuchapa imetoka kwa Ata, mzee wao, nyanya wa nusu ya hapa. Ameuza mbuzi wake wa maziwa. Alikuwa na mmoja tu.
Ata amechora alama mchangani kwa kidole. Kikapu, nusu duara tu, mistari miwili juu yake, na kamkia upande wa kulia. Basi. Nawoi akainakili kwenye karatasi. Inafanana na alama tunayochoma ngamia, ila hii si ya ukoo wowote. Ata aliitunga ili isiwe ya mtu.
Nilicheka. Nikasema Kitale watadhani wanauziwa ngamia.
Ata hakukasirika. Akasema, "Chuma kinapoa upesi na mnyama anapiga teke. Ukiweka mambo mengi hupati alama, unapata kidonda."
Nawoi naye, "Mjomba, rangi moja si inatosha?"
Nikawaeleza jinsi bendera zote za karatasi za siku ya Uhuru zilivyopita mikononi mwangu, na mashine ilipokwama niliisukuma kwa bega hili. Wakapiga vigelegele. Wakanipa pesa imefungwa kwenye kitambaa, na ile karatasi.
Usiku nimegeuza karatasi nikachora upande wa pili. Ziwa, jua, ngamia. Na mwanamume amesimama, shuka nyekundu, unyoya wa mbuni kichwani. Kazi ya mtu anayejua.

Kitale, Jumatatu 10 Juni
Mchapaji ni mzee mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Ameangalia mchoro wangu kitambo kirefu. Halafu akaanza kunifundisha, mimi.
Kila rangi ina bloku yake ya kuchapia, imechongwa alama. Kila kadi inapita mashineni mara moja kwa kila rangi. Nyeusi ikikauka, bluu. Bluu ikikauka, njano. Halafu nyekundu. Kila mara mashine inaoshwa. Akasema kwa pesa niliyoleta, rangi moja anatoa mia nne na za akiba juu. Rangi nne, mia moja.
Halafu akageuza karatasi. Akaona kile kikapu cha Ata. Akauliza, "Na hii nani amechora?"
Nikasema bibi mmoja wa kijijini.
Akasema, "Huyu bibi anajua anachofanya. Hii naipunguza mpaka iwe kama ukucha na bado unaiona. Hii yako, kwa kadi ndogo hivi, mtu na ngamia watashikana."
Hapo ningesema ndiyo kwa mchoro wa bibi. Neno moja tu. Lakini kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu wanasikiliza, na nilikuwa nimeshawaambia kuhusu bendera. Nikasema mimi si mgeni wa kazi hii. Chapa.
Akasema, "Mia moja, bwana."
Nikasema chapa.

Kitale, Ijumaa 14 Juni
Nimechukua kadi. Bunda moja. Linaingia mfuko wa shati.
Rangi hazikukaa sawasawa. Mzee amejitahidi, lakini michoro yangu ni myembamba mno. Jua limehama, limekaa juu ya matako ya ngamia. Ziwa limemfikia mwanamume shingoni. Kitu kimoja kimetoka safi: shuka nyekundu.
Mwanamume yule ni mimi. Nimejua tangu siku ile nachora. Kikundi cha akina mama, na mimi nimejisimamisha katikati. Rangi ya nne ilikuwa kwa ajili ya shuka yangu.

Lodwar, Jumapili 16 Juni
Sikwenda kanisani. Nawoi amenitumia salamu kwa dereva wa lori: kadi zimefika? Nimejibu mashine iliharibika.
Uongo. Mashine ni nzima.
Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kupiga vigelegele. Sikuwahi kuchapa kitu. Kiwandani nilifagia vipande vya karatasi na kubeba mabunda. Bendera niliziona kwa mlango. Hata lori lile lililopinduka, nilikuwa nyuma juu ya magunia, na dereva ndiye aliyenitoa.
Mbuzi alikuwa mmoja tu.

Kakuma, Jumanne 18 Juni
Ejok, ejok, salamu kwa mikono yote. Chai imewekwa. Nikaweka bunda mezani.
Nawoi alihesabu. Akahesabu tena. Akauliza zingine ziko wapi, nikasema hakuna zingine. Nikasema mashine haikuharibika. Nikasema yote, mpaka ufagio.
Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama mmoja mnene aliinua kadi kwenye mwanga akauliza, "Na huyu mwanamume anayezama ni nani?"
Mwingine akajibu, "Si mjomba huyo! Mwone unyoya."
Wakacheka. Nawoi hakucheka. Alisema tu, "Mjomba, mbuzi mwenyewe ulikuwa unamjua. Alikuwa akifungwa pale mlangoni."
Ata alichukua kadi moja, akaiweka ndani ya kopo lake la tumbaku, akafunga kifuniko. Nikamwuliza ya nini, kadi ni mbaya.
Akasema, "Huyu ndiye mbuzi wangu."

Kakuma, Jumatano 19 Juni
Sikulala. Alfajiri nimechukua kisu nikakata kisigino cha akala ya kulia. Nyuma ya tairi, upande laini. Nimechonga alama ya Ata.
Jambo moja nilijifunza kweli kule kwenye ufagio: herufi za bloku zimekaa kinyume. Kwa hiyo kamkia nimekachonga kushoto. Nimekosea mara mbili. Kisigino cha pili kimekwenda pia.
Nawoi ameomba wino wa muhuri kwa karani wa chifu. Makatoni ya sabuni tumeyakata kadi. Rangi moja, zambarau ya ofisi. Kamkia kametoka kulia.
Akina mama wamekaa mstari, mmoja anakata, mmoja anatoboa, mimi nagonga. Nimegonga mpaka kiganja kimevimba. Hakuna aliyeniomba hadithi.

Kakuma, Alhamisi 20 Juni
Lori limekuja saa nne. Mtu wa duka alishika kadi ya rangi nne, akaigeuza juu chini, akauliza ni nini hii. Akashika ya zambarau. Akasema hii naiona nikiwa mbali.
Lakini wino ulikwisha jana tukiwa bado na vikapu thelathini na moja. Kadi zangu akazikataa, hataki alama mbili. Vikapu visivyo na kadi havikupanda lori. Nilifikiri ni vya wote. Nimeambiwa jioni: ni vya Ata. Aliwaacha wenzake wagongewe kadi zao kwanza.

Kakuma, Ijumaa 28 Juni
Nimetoka Lodwar na mbuzi wangu jike, nyuma ya lori, nimemshika miguu njia nzima. Nimemfunga mlangoni kwa Ata, kigingi kilekile.
Ata alimpapasa kiwele. Akafungua kopo, akachukua tumbaku. Kadi bado imo ndani. Alifunga kifuniko.
Nawoi ameleta chupa ya wino mpya. Nimegonga kadi thelathini na moja.
Wakati wa chai mama yule mnene ameangalia miguu yangu, akauliza visigino vimekwenda wapi.
Nikasema nilivikata.
Wakangoja hadithi iliyobaki. Sikuongeza.