Mlango ya Annexe Yangu

Papa na Mama,

Nimeenda kazi Lackawanna. Maharagi iko kwa friji, mdogo wangu Isaro asikule yote. Mama, kioo yako ya kujiangalia iko nje, nimeitundika kwa uzio. Usiite pasta aombe, si uchawi, ni mimi.

Bon, sababu ni hii. Asubuhi nimeangalia vile vijiti Papa alichomeka chini nyuma ya nyumba, kupima fasi ya kunijengea annexe, kanyumba kangu ya pembeni. Jana vijiti vya mlango vilikuwa vinaangalia jikoni. Leo vinaangalia barabara. Nikamuuliza, akajibu, "Ni feng shui, desturi ya Wachina ya kupanga nyumba. Yule mama Mchina wa kazini alinifundisha: milango mbili zikiangaliana, watu ya nyumba wanagombana."

Donc feng shui imefika hapa Riverside na imeanza na mimi. Ni kweli, masomo ya architecture sikuyamaliza. Lakini kwetu Minembwe kijana anajengewa mlango ikiangalia jikoni, mama amuone akiingia. Mlango ya barabara ni ya mpangaji. Na juzi Papa alikuwa anaongea kwa simu juu ya "kile chumba," nikaingia, akakata simu.

Nimerudisha vijiti kama jana. Kioo ni ya kufukuza ugomvi, feng shui yenyewe inasema, nimeisoma kwa simu.

~~Kama munataka nitoke, museme tu.~~

Kama annexe ni yangu, muache vijiti vile viko. Kama ni ya mtu mwingine, Papa, uvigeuze tena. Nikirudi nitapitia nyuma, nitaona.

Chumvi imeisha.

~~Mpangaji wenu~~
Mtoto wenu wa kwanza,
Cyubahiro