Tangi Lisilojaa

Alhamisi, Busia

Bado nasikia ladha ya ile chai mdomoni.

Mzee anayetuuzia nyumba kule Alupe amejisifu tena leo: "Mama, tangu nijenge, tangi langu la choo halijawahi kujaa. Gari la kunyonya uchafu halijui hata geti langu." Mume wangu akatabasamu. Tulikuwa tunakunywa chai ya mama jirani, tukimngoja fundi atuambie tuweke tangi jipya la aina gani, kwa sababu kuta za hilo zimepasuka.

Fundi akaja, akafunua tangi, akateremsha ufito mrefu. Ukazama wote. "Hili halina sakafu. Walichimba mpaka wakafika kwa maji ya ardhini, ndiyo lisijae."

Letu litakuwa na sakafu, nimeshasema, hata kama kuhama kutangoja. Lakini yaliyoshuka miaka yote hiyo...

Nikarudisha vikombe kwa mama jirani, chini ya mteremko, nikiwa nimejipanga kumwambia. Kisima chake kiko pale pale mlangoni. Alikuwa amempakata mtoto wake, anayeharisha tangu Jumapili, akimshikia kikombe.

"Kunywa maji, baba," alimwambia. "Upate nguvu."