Brightness ya Mume Wangu

Bi Biubwa, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila Jumamosi nikipika, na leo naona nisipokuandikia nitapasuka, maana donge limenikaa hapa kooni, hata chakula hakipiti. Mume wangu Luqmani ni mpiga picha za harusi hapa Utende, na tangu anunue flashi ile ya kuwaka bila waya amepata na mtu wa kuishika, binti wa bara aitwaye Brightness, mrefu, ana mwanya, na kazi yake ni kusimama pembeni ya bibi harusi ameinua taa, mume wangu akibonyeza kamera kule alipo, taa inaitika huku, wanachekeana, mimi niko nyumbani na masufuria. Hayo ningevumilia. Ila wiki iliyopita kaweka status picha yao wawili tu, bega kwa bega, nikamuuliza nani aliyewapiga, akanijibu, "Hakuna mtu, tumejipiga kwa rimoti, tulikuwa tunajaribu mwanga." Hakuna mtu, Bi Biubwa! Anasema kwa mdomo wake kwamba walikuwa peke yao, na mimi tangu anioe sijawahi kuwekwa status hata sikukuu ya Idi. Halafu juzi nikamsikia kwenye simu akimwambia mpiga picha mwenzake, "Brightness ya jana ilikuwa kali mno, leo naishusha taratibu." Anamsema binti yule, Bi Biubwa! Basi nikachukua kile kidude kinachokaa chini ya flashi, kinachopokea amri ya kamera, nikakizika kwenye ndoo ya mchele. Luqmani kageuza nyumba juu chini, kisha kamwambia Brightness kwamba kakipoteza yeye, na kisipopatikana kabla ya harusi ya Baleni Ijumaa asirudi tena kazini. Binti kaja kulia barazani kwangu, nikampa maji, na roho yangu ikaburudika, sikufichi. Sasa nakuuliza, nikiache mchelini mpaka aondoke, au nikakitupe baharini yaishe?

Mwenye Donge, Utende

Bi Biubwa anajibu:

Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu baharini, samaki hawana harusi.

Kwanza nimecheka, unisamehe, kisha nimekasirika. Hebu soma tena ulichoniandikia. Mumeo kasema "Brightness ya jana," kasema "naishusha." Tangu lini mtu akawa "ya"? Angekuwa anamsema binti angesema "wa jana," angesema "namshusha." Wapiga picha huita brightness ule ukali wa mwanga, na hata kwenye simu yako hiyo ipo, unaipandisha ukiwa juani na kuishusha ukiwa chumbani. Wivu umekuziba masikio mpaka ngeli zimekupotea, wewe uliyezaliwa na Kiswahili mdomoni!

Lakini sikutupi. Ile picha ya wawili inauma, na mimi ingeniuma. Labda kweli walikuwa wanajaribu mwanga, nakubali, lakini picha ya kujaribia ikishatazamwa hufutwa, haipelekwi status ikaonwa na mke na majirani zake. Hapo Luqmani kakosa adabu, na una haki ya kumwambia kwamba imekuuma. Hukumwambia. Badala yake ukaenda kumkomesha mtoto wa watu aliyeacha kwao akaja kisiwani kutafuta riziki, akalia mlangoni kwako kwa kosa lako, nawe ukaburudika. Aibu hiyo, mwanangu, na wewe unaijua, ndiyo maana chakula hakipiti.

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla hujapima mchele wa kupika, kitoe kidude hicho, kipanguse, umkabidhi mumeo mkononi na umwambie ni wewe uliyekificha. Usije ukasema umekiokota uvunguni, maana Brightness ataendelea kuitwa mzembe mpaka mwisho. Luqmani atafoka, mwache afoke. Kisha aitwe binti, umwombe radhi mbele ya mumeo, na Ijumaa wote wawili waende Baleni wakafanye kazi yao.

Na wewe je? Mumeo akishapoa, mwambie na yeye lako la moyoni, la status. Halafu aiweke kamera kwenye stendi, awashe flashi yake, msimame bega kwa bega, wewe na yeye, pasiwe na mtu mwingine. Hiyo ndiyo ikawekwe status. Na rimoti, mwanangu, ishike wewe.