Sehemu ya Tano ya Kijiko

Mpendwa kaka,

Kuna sauti moja ambayo haijawahi kuniacha: tki-tki-tki-tki, diski ikikwama ndani ya ile deki yetu, na Nila, fundi wa mitambo, akibaki amefungua mdomo kwenye runinga kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Halafu kofi lako juu ya deki. Halafu kimya. Halafu wewe, ukijipangusa mkono kwenye kaptura: "Ngoja."

Nimesahau mengi ya nyumba ile ya Voi. Sikumbuki tena pazia lilikuwa na maua gani, wala meza ilikaa upande upi kabla mama hajaihamisha. Lakini sauti ile naweza kukupigia kwa ulimi hata sasa.

Wewe unaijua hadithi yote, ila barua hii itasomwa na wengine, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Katuni yenyewe ilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hatukuwahi kulitumia. Chombo chao cha anga kilikuwa na kichwa cha mviringo na mkia mrefu mwembamba, na mama alipokiona mara ya kwanza, akipita na sahani ya kimanga, ule muhogo uliopondwa na maharagwe, aliuliza, "Hicho kijiko kinakwenda wapi?" Basi ikawa Kijiko. Ilikuwa na mifululizo miwili, nayo tukaipa majina yetu. Ule uliotengenezwa kwanza tuliuita Kutafuta: Kapteni Bero ametoweka, na Nila na wenzake wanazunguka anga zima wakimtafuta. Ule uliotengenezwa baadaye tuliuita Kujenga, kwa sababu ulirudi nyuma kabla ya yote, Bero akiwa kijana mwenye mzaha mwingi, akikiunga Kijiko kwa vyuma chakavu.

Ulitununulia diski zote mbili kwa yule muuzaji wa karibu na stendi, zikiwa kwenye kasha lenye picha ya wanaume wawili wakipigana karate. Nilipogundua kwamba Kujenga ndiyo hasa mwanzo wa hadithi, nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nilitaka turudi, tuanze upya, tufuate miaka ya ndani ya hadithi. Wewe ulikataa katakata.

"Profesa," ulisema, na hapo sikuwa hata nimemaliza shule ya msingi, "ukikutana na mtu leo sokoni, unaanza kumuuliza alizaliwa vipi?"

"Historia inaanza mwanzo."

"Mwanzo ni pale ulipomkuta. Hayo mengine atakwambia akikuzoea."

"Hiyo si hoja."

"Si hoja, lakini rimoti iko kwangu."

Tulibishana hivyo miaka mingi. Nilikuandikia ujumbe kutoka chuoni nikiwa na hoja mpya, na ulinijibu kwa neno moja tu: "Rimoti."

Sasa nije kwenye sehemu ya tano. Diski ya Kutafuta ilikuwa na mkwaruzo, na mkwaruzo ulikuwa pale pale, dakika chache baada ya sehemu ya tano kuanza. Ulijaribu kila kitu. Uliipuliza, ukaifuta kwa upindo wa fulana, ukaipaka dawa ya meno ukisema umesikia kwa watu. Tki-tki-tki. Mimi nikaanza kulia, si kwa sababu ya katuni peke yake, bali kwa sababu mchana ule vumbi lilikuwa limejaa mji, mama alikuwa kazini, na hapakuwa na kitu kingine chochote duniani nilichokuwa nakitaka.

Ulipiga deki kofi. Ukasema, "Ngoja. Hii niliiona hapo jirani, kwa kina Righa. Nitakusimulia."

Ukazima runinga ukasimama mbele yake, ndani ya lile giza la kioo. Ukasema Kijiko kiliishiwa maji, kikatua kwenye sayari ya udongo mwekundu yenye miti ya miiba. Wenyeji wake walikuwa watu wadogo waliolima mahindi, na kila msimu majitu makubwa yenye masikio kama mabati yalikuja kukanyaga mashamba yao. Bunduki za mwanga hazikuyatisha. Ndipo Nila akatundika masanduku ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba lote, na jitu la kwanza lilipogusa waya, masanduku yote yakatikisika kwa pamoja. Uliigiza nyuki. Uliigiza jitu likikimbia huku limeshika masikio. Nilicheka hadi nikasahau kwamba runinga imezimwa.

Kila tuliporudia Kutafuta, na tuliirudia sana, tulifika sehemu ya nne, ukasimama mbele ya kioo, ukasimulia, tukaendelea na ya sita. Kwangu mimi ndivyo hadithi ilivyokuwa.

Kaka, nimeishi na watu wenye akili sana, na hakuna aliyewahi kuniaibisha kama ulivyoniaibisha kwa sehemu ile. Chuoni Nairobi nilipata kikundi cha wanafunzi walioipenda Kijiko kama sisi. Walikutana Ijumaa mchana kwenye chumba cha mihadhara, na hoja yao kubwa ilikuwa ile ile yetu: mtu aanze na Kutafuta au Kujenga? Nilisimama nikaongea kwa moyo wangu wote. Nikasema mwandishi alitaka tujue tangu mapema kwamba Nila hushinda kwa kutazama na si kwa nguvu, na ushahidi wangu ulikuwa sehemu ya nyuki.

Msichana mmoja akauliza taratibu, "Nyuki gani?"

"Wa sehemu ya tano. Wale wa kwenye waya."

Wakatazamana. Mmoja akaitafuta kwenye simu yake, wakaisogeza ile simu mbele yangu. Sehemu ya tano haina nyuki. Haina sayari. Nila amekaa gizani ndani ya Kijiko, hewa inapungua, anasubiri na haongei karibu muda wote. Ni nzuri sana, na nikisema ukweli ni nzuri kuliko yako. Niliitazama hadi mwisho, wote wamenizunguka, na katikati ya ule ukimya wa Nila ndipo nikaona ulikoitoa yako. Udongo mwekundu ni wetu. Majitu ni ndovu. Masanduku ya nyuki uliyaona Sagalla, kwenye mashamba yaliyozungushiwa mizinga ili ndovu wasiingie. Hukuiona kwa kina Righa. Kina Righa hawakuwa hata na deki.

Nilitoka nje nikachukua simu nikupigie. Nilitaka kukwambia, "Nimekushika, mwongo wewe." Namba yako ilikuwa bado ya kwanza kwenye simu yangu. Kidole kilikuwa kimeshaibonyeza ndipo nikakumbuka kwamba tulikuwa tumeshakulaza Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, na kwamba nilikuwa nimesimama pale pale kaburini nikiona milima na kutoona kitu.

Tangu siku hiyo sikuigusa Kijiko tena. Nilimaliza masomo, nikarudi Voi, nafundisha fizikia, na wanafunzi wangu wananiona mkali. Mtu akitaja katuni ile mbele yangu nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Mpaka likizo hii, alipokuja Wakesho.

Mwanao amekuwa mrefu, kaka. Ulipoondoka alikuwa bado hajatembea. Sasa anaishi Njukini na mama yake, ambaye anauza mahindi na maharagwe pale sokoni na anamlea vizuri kuliko ambavyo sisi wawili tungeweza. Ana paji lako la uso na ubishi wangu. Siku ya kwanza tu, hata begi hajafungua, akaniuliza, "Anti, mama anasema wewe na baba mlikuwa wagonjwa wa katuni ya kijiko. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Baba alianza na ipi?"

Hakuuliza tuanze na ipi. Hakuuliza ipi ni nzuri. Nikasema nitamjibu baada ya chakula, nikaenda jikoni nikakaa na sufuria tupu mikononi.

Siku hizi hakuna diski. Yote yako mtandaoni, yamepangwa kwa miaka ya ndani ya hadithi kama nilivyotaka utotoni, Kujenga kwanza, Kutafuta baadaye. Ungefikiri ningefurahi. Lakini sasa nilikuwa naona jambo ambalo halikuwa mbele yangu nikiwa mdogo. Akianza na Kujenga, atampata Bero akiwa hai, atamcheka, atampenda, kisha atanyang'anywa. Akianza na Kutafuta, atampata Bero kama alivyokupata wewe: jina kwenye midomo ya watu wengine, watu wanaomtafuta, na mwishoni koti lake tu, limetundikwa kwenye msumari. Nilishindwa kujua ni ipi inayoumiza kidogo. Kwa hiyo nikampigia wifi, mama yake.

Alisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake nilisikia wateja wa soko wakipatana bei. Kisha akasema, "Mwanzishie ile ambayo yule mtu yuko hai. Usimfanyie mtoto mazishi."

"Lakini ameuliza baba yake alianza na ipi."

"Watoto huuliza mengi."

"Nimdanganye?"

"Wewe na ndugu yako," akasema, "hata katuni mnaifanya kesi." Lakini sauti yake ilikuwa imelegea. "Ile ya koti. Iko mwisho kabisa?"

"Mwisho kabisa."

"Basi hiyo asiangalie huko. Aje aiangalie hapa, nikiwa nimekaa karibu naye."

Ndivyo ulivyoshinda, kaka, bila rimoti na bila hoja. Mwanzo ni pale alipokukuta, na Wakesho alikukuta umeshaondoka. Kumwonyesha kwanza Bero aliye hai kungekuwa kumfundisha kukosa kitu kwa namna yangu mimi. Yeye ana namna yake. Hajawahi kukulilia, amekuwa akikuuliza.

Tukaanza na Kutafuta. Aliipenda kimya kimya, magoti kidevuni, na alikuwa mwepesi kuliko mimi kutambua nani anasema uongo. Jumapili, baada ya kanisa, tukamaliza sehemu ya nne. Ya tano ikaanza yenyewe. Nila akaingia gizani akakaa. Picha ilikuwa safi, hakuna kilichokwama, na mimi nilisikia tki-tki-tki ndani ya meno yangu.

Nikazima runinga.

"Anti! Mbona?"

"Ngoja," nikasema.

Nikasimama mbele ya kioo. Sikuwa nimepanga, na mimi si mtu wa kuigiza, unanijua. Lakini udongo mwekundu ulikuja, miti ya miiba ikaja, na nilipofika kwa nyuki, mikono yangu ilikuwa imeshapaa. Nilipokuwa jitu lililoshika masikio, mwanao alianguka kutoka kwenye kochi kwa kicheko.

Alipopata pumzi akasema, "Sasa nionyeshe. Nataka kuona hao nyuki."

"Hawapo kwenye runinga. Hiyo sehemu ilitengenezwa na baba yako. Diski ilikuwa imeharibika, mimi nikalia, yeye akaitunga."

Nilijiandaa kwa machozi, yake au yangu. Akapanda tena kwenye kochi, akakunja miguu, akasema, "Rudia."

Nikarudia. Kesho yake nilimsikia akimsimulia mama yake kwenye simu, na tayari nyuki walikuwa wamepata malkia mwenye taji, na jitu moja lilikuwa limebaki nyuma likawa rafiki. Sikumsahihisha. Hakuna wa kumsahihisha.

Bado nakukosa, kaka, na zaidi saa tisa alasiri, upepo unapoleta vumbi kutoka upande wa Ndara na nyumba ikawa na rangi ile ya zamani. Lakini simu yangu naishika bila kuogopa sasa, na namba yako nimeiacha palepale.

Leo asubuhi Wakesho amerudi Njukini. Nilimwekea Kijiko kwenye flashi aende nayo, nikaipanga kwa mkono wangu: Kutafuta kwanza, Kujenga baadaye. Sehemu ya tano nimeifuta. Akiitaka ile ya Nila na giza, akiwa mkubwa, iko mtandaoni na haitamkimbia. Kwenye flashi, baada ya ya nne inakuja ya sita, na katikati nimewaachia nafasi yako.

Lala salama chini ya Kasigau. Rimoti nimempa mwanao.

Mimi mdogo wako,
Profesa