Jina la Baba Yako kwa Rangi Nyekundu

Mwanangu mpendwa Bo-gyeong,

Pokea salamu nyingi, wewe na mume wako na yule mjukuu wangu asiyependa kula. Huku nyumbani bibi yako hajambo, ila magoti yanamsumbua baridi ikianza, na kila siku anauliza utakuja lini. Mbwa amezaa, watoto wote wazima. Baba yako yupo. Nasema yupo kwa sababu wako watu hapa Yeongyang wanaoamini hayupo tena, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimekasirika, mwanangu, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Kwenye simu siwezi kusema, baba yako huketi pembeni akisikiliza.

Unajua mwaka huu tulitaka kuuza unga wa pilipili wenyewe kwenye mtandao, kabla watu hawajaanza kuchachusha kabichi za kimchi ya majira ya baridi, tuachane na yule mchuuzi anayekosoa kila gunia. Nikaenda darasa la wazee pale ofisi ya kata. Binti anayefundisha akatuonyesha programu mbili za kutengenezea tovuti. Ya kwanza inapendeza kama duka la Seoul, ila imejaa vitufe na nusu yake ni Kiingereza. Ya pili ya kawaida tu: unakuta ukurasa umeshapangwa, unaweka picha yako, unagusa neno, unalibadilisha. Binti akasema anayeanza achague ile atakayoweza kuirekebisha mwenyewe siku mambo yakiharibika na hana wa kumwita. Nikachagua ya pili. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Kaka yako Dong-gyu akanicheka. Eti mama jamani, hiyo ni ya watoto, tovuti itafanana na tangazo la kuku wa kukaanga linalobandikwa mlangoni! Akasema nimwachie, ataitengeneza kwa ile ya kwanza, jioni moja tu. Nikamwachia. Amesoma, ningembishia vipi?

Ijumaa ikafunguliwa. Pilipili zetu zimeanikwa vizuri, mlima unaonekana nyuma, na juu kabisa, kwa herufi kubwa kama za bango la uchaguzi, PYO SANG-DEOK. Kwa rangi nyekundu! Jina la baba yako, mtu anayepumua, anayekoroma, limeandikwa kwa nyekundu kama la marehemu! Bibi yako alipoliona aliangusha kijiko akaanza kumlilia mwanawe, na mwanawe kaketi mbele yake anakunywa supu. Shangazi yako wa Andong akapiga simu kwa kwikwi, akiuliza tumemlaza ukumbi gani wa msiba. Mzee Ma, jirani, akabisha hodi na bahasha nyeupe ya rambirambi mkononi. Baba yako mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Maskini akasema amekuja kuazima ngazi.

Nikampigia kaka yako. Akasema mama, hizo ni imani za zamani, rangi imekuja na programu, tena pilipili ni nyekundu, inaendana. Nikamwambia basi andika la kwako hivyo hivyo, na la mwanao, tuone. Ghafla eti yuko kwenye kikao, ataitazama mwisho wa wiki ijayo. Nikataka kubadilisha mwenyewe, kumbe neno la siri analo yeye. Nikamwomba anipe, akasema nitaharibu. Nitaharibu nini, Bo-gyeong? Kimebaki nini cha kuharibu?

Sasa nikwambie nililokuficha. Baba yako alinikataza nisiwaambie, wewe wala kaka yako, msije mkaacha kazi zenu. Mshipa wa moyo wake umeziba. Alhamisi hii anapasuliwa, hospitali kubwa ya Daegu. Alikuwa ameshakubali, na begi nimelifunga. Alikuwa hata anawatania wauguzi. Tangu Ijumaa hatanii mtu. Jana akaniambia kwa upole, bila kunitazama, kwamba hawezi kulala kwenye kitanda cha kupasuliwa na huku jina lake limeshaandikwa. Nimembembeleza, nimemfokea. Akatoka kwenda kugeuza pilipili.

Basi jana hiyo hiyo nikaketi, nikatengeneza tovuti nyingine kwa ile programu yangu ya watoto. Haipendezi sana, picha moja imelala ubavu. Lakini jina la baba yako ni jeusi ti. Nikamwonyesha. Akalitazama weee, halafu akauliza, na lile lingine je? Ndipo nikatafuta kalamu hii.

Kwa hiyo nakuomba, mama. Ukimaliza kusoma usimpigie kaka yako simu, utaambiwa kikao. Nenda ofisini kwake, ingia humo humo kikaoni, mwambie habari ya moyo wa baba yake mbele ya wakubwa zake, na usitoke mpaka lile jina limefutwa ukiona kwa macho yako. Akikwambia unamwaibisha, mwambie ni mama amekutuma.

Barua hii naituma kwa njia ya haraka, Jumanne utakuwa nayo. Msalimie mume wako, mbusu mtoto, na umlazimishe ale. Nijibu kwa simu siku hiyo hiyo, hata kwa neno moja tu, kwamba limefutwa. Basi la Daegu linaondoka Jumatano asubuhi, na nataka apande.

Ni mimi, mama yako.