Kwa Nini Papa Amegawa Cherehani Yake

Bunia, Nyakasanza

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Barua hii usiisome kwa sauti. Najua desturi ya nyumba yetu: barua ikifika inasomwa barazani na Papa anakaa karibu kabisa. Hii isome peke yako, hata kama ni nyuma ya jiko. Ukimaliza ndipo utoke uwape wengine salamu zao.

Hamjambo huko Kindu? Goti la shangazi likoje na hizi mvua? Mume wako amerudi kutoka Alunguli au bado anangoja mpunga ukauke? Mimi mwili ni mzima. Mgongo unauma, lakini mbeba mawe asipoumwa mgongo ujue hakupata kazi. Bado niko kwenye ile nyumba ya ghorofa tunayojenga hapa Nyakasanza. Tunapandisha mchanga na mawe kwa karai kichwani, na mwenye nyumba anakuja kutuuliza kwa nini ukuta hauendi mbio, kama vile ukuta una miguu.

Amani iko, ndivyo wanavyosema redioni. Wanajeshi wamesimama njia panda, maduka yanafunguliwa, watoto wanaenda shule. Lakini mama ninayepanga kwake ana furushi la nguo nyuma ya mlango, limefungwa tayari kwa kukimbia. Nikimwuliza kwa nini halifungui ananijibu, "Weye fungua lako kwanza." Na kweli, langu pia limefungwa.

Sasa nikuambie kwa nini ninaandika badala ya kupiga simu. Nilipiga, utakumbuka. Ulipokea huku unacheka, ukaweka sauti ya nje ili kila mtu asikie, ukasema, "Salumu, Papa amepona! Hakasiriki tena. Cherehani yake amempa jirani bure, na mkasi amempa mtoto wa shangazi." Nyuma yako nikamsikia Papa mwenyewe: "Mwache huyo afanye kazi. Salumu, usijisumbue kuja, mimi sina shida na mtu tena." Mkacheka wote. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na karai langu, nikaaga, nikakata simu. Ningesema nini, na yeye anasikia? Nikipiga tena utaweka sauti ya nje kama kawaida yako, na Papa yuko pembeni; meseji nayo haifai, kioo cha simu yako kilishakufa.

Ili unielewe, lazima nikueleze kazi nyingine ninayofanya huku.

Hapa, kama kwetu, mtu aliyejiua haliliwi. Hakuna matanga, hakuna kukaa pamoja, hakuna chakula. Ndugu zake hawamgusi, wanaogopa kifo kitawafuata nyumbani. Basi wanatafuta mtu wa mbali asiye na ukoo hapa, achimbe, azike, anawe mikono, aondoke bila kugeuka nyuma. Mzee mmoja aliyekuja kunichukua mara ya kwanza aliniambia bila haya, "Weye kwenu iko mbali sana. Laana ikikufuata itachoka mu njia." Nilicheka, nikaenda. Tangu hapo, ujenzi ukisimama, wananiita kwa kazi hiyo. Wenzangu hawanipi mkono tena. Wananisalimia kwa kiwiko, wengine kwa kidevu tu.

Huko makaburini ndiko nilikojuana na Madamu Wivine. Yeye ni mwanasaikolojia, maana yake alisomea jinsi akili na moyo wa mtu vinavyougua na jinsi ya kuvitunza. Ni mtoto wa wakulima wa Djugu, na kijiji chao kiliungua kama vingine. Siku hiyo nilikuwa ninamzika msichana fulani. Ndugu wote walisimama mbali, barabarani. Yeye peke yake alikuja na kitambaa cha msiba kichwani, akasimama kando ya kaburi mpaka nikamaliza, kisha akanipa mkono. Mkono mzima, Yaya, na wangu umejaa udongo.

"Wakikuita tena," akaniambia, "nijulishe ni nyumba gani. Nataka kuwaona wale waliobaki, maana watu watawakimbia."

Kwa hiyo nikaiona kazi yake kwa karibu. Alianza peke yake katika chumba alichoazimwa na kituo cha afya, chumba cha kuwekea vyandarua. Sasa amefundisha wauguzi, wakuu wa avenyu na mitaa, wachungaji na maimamu. Anasema redioni, anaingia kambi za waliokimbia vita, na wakubwa wa mkoa wanamjua maana hawapi nafasi ya kumsahau. Kila mahali anarudia yale yale: huyu ni mgonjwa, hana pepo, muulizeni mapema, na aliyekufa mlilieni kama mnavyowalilia wengine. Vijana wa pikipiki wanamwita mama wa wendawazimu. Mmoja alimpigia kelele, "Mama wa wazimu, utanitibu lini mimi?" Akamjibu, "Leo hii. Panda nyuma, mimi ndiye nitaendesha." Walicheka mpaka wakamfutia kiti cha pikipiki avuke nayo mji. Lakini yuko mmoja kwa mji mzima, na macho yake yamechoka kuliko yangu.

Sasa fundi Deo. Alikuwa seremala, amekimbia Djugu na mke wake, anapanga karibu na ujenzi wetu. Yeye ndiye aliyetupasulia mbao. Vita vilimchukulia wazazi na shamba, akawa mtu wa kimya na hasira, na Madamu alikuwa akimtembelea. Kisha ghafla fundi akabadilika. Akaanza kutania watu. Akawagawia vijana randa yake na misumeno yake, akaenda kuwaomba radhi watu aliogombana nao. Mtaa mzima ulifurahi. Mke wake akampigia Madamu simu kumpa habari njema, kwamba mume amepona.

Madamu alikuwa kambini upande wa Djugu, na barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi. Akanipigia mimi. "Salumu, acha kila kitu, nenda kwa Deo. Kaa naye mpaka nifike. Usimwache peke yake." Nilitupa karai, nikakimbia. Nilikuta watu wamejaa nje ya nyumba na hakuna anayeingia. Mlango walinipisha mimi, kwa sababu walijua mimi ni wa kazi gani. Nilimzika siku ile ile.

Madamu alipofika aliketi chini kwenye udongo wa kaburi, na nguo zake nzuri.

"Seremala anagawa randa," akasema. "Atakula nini kesho? Hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Na mimi niliyejiuliza nilikuwa nimesimama nyuma ya kizuizi cha wanajeshi na simu mkononi."

Nililaza koleo, nikaketi kando yake.

Kesho yake akaazima viti vya plastiki, akafunga turubai mbele ya nyumba, akatangaza kwamba Deo atafanyiwa matanga. Tulikaa watatu: mjane, yeye na mimi. Watu walikuwa wanavuka barabara ili wasipite karibu yetu. Jirani mmoja, mama muuza samaki wadogo wa sambaza, akasimama ng'ambo na beseni lake.

"Madamu, unataka siye wote tukufe?"

"Hapana, mama. Nataka ukuje ukae. Kiti iko."

"Na huyo muchimba kaburi ameketi hapo! Amenawa?"

"Amenawa. Deo alikutengenezea meza ya samaki yako. Kuja umulilie hata kidogo."

Yule mama alilitua beseni lake chini. Hakuja. Lakini hakuondoka pia, alisimama pale muda mrefu mpaka inzi wakajaa kwenye samaki. Mwishoni tulivirudisha viti safi kama tulivyovichukua. Mjane sasa analala kwa Madamu, kwa sababu alianza kusema atamfuata mume wake, na hakuna nyumba nyingine iliyomfungulia.

Ndiyo maana, Yaya, ulipoitaja cherehani, nilishuka ngazi na karai langu bado limejaa. Papa na ile mashine! Mama mwenyewe hakuruhusiwa kuisogeza akifagia. Na tangu Mama afariki, uliniambia mwenyewe kwamba Papa hasemi, hali vizuri, anagombana na sahani. Leo amekuwa mkarimu na mcheshi, kwa mara moja, na hajaeleza kwa nini.

Nilimpigia binamu nikimwomba ahamie chumbani kwa Papa kwa muda. Akaniambia, "Huko Bunia umekuwa docta ya wazimu? Muzee iko na furaha. Mukasi amenipa mimi mwenyewe, na ni mukali!" Akakata simu huku anacheka.

Nikaenda kwa Madamu. Alisukuma sahani yake pembeni, akanisikiliza mpaka mwisho. Akatafuta mtu wa Kindu anayefanya kazi kama yake. Namba moja haiiti, na mwenye namba nyingine alishahamia Kinshasa. Akasema, "Sijamwona baba yako, siwezi kuapa. Labda macho yake hayaoni sindano tena, basi. Lakini lazima mtu amuulize."

"Nani?"

"Mwenye kulala nyumba moja naye."

Ni wewe, Yaya. Kuja mwenyewe siwezi. Barabara ya Komanda leo wazi, kesho imefungwa, magari yanangoja msafara wa wanajeshi, na ndege si ya watu wa karai. Barua hii ninampa mfanyabiashara wa kwenu anayepitia Kisangani. Nimemwuliza atafika lini, akaangalia juu.

Basi muulize. Najua kwetu mtoto hamuulizi baba mambo ya kifo, na mtoto wa kike ndiyo kabisa. Lawama nibebeshe mimi. Kaeni wawili tu, mwambie: Papa, umegawa vitu vyako na mimi nimeogopa, unafikiria kujiua? Tumia neno hilo hilo, usilizunguke. Madamu anasema kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hana. Akikukasirikia, vumilia. Akisema ndiyo, usipige kelele, usimhubirie, usiwaite wazee waje kumkaripia. Kaa naye. Asiachwe peke yake, na chochote cha kumdhuru kiondoke nyumbani. Halafu mpelekeni kituo cha afya, umwambie muuguzi ukweli wote. Usiseme malaria. Akisema hapana, kaa naye hata hivyo, na kesho muulize tena.

Mimi huku nimezoea kubeba vitu vizito, lakini hili halina mahali pa kushika. Ninapandisha mawe ya nyumba ya mtu mwingine, na Papa yuko huko anatabasamu.

Na kama barua imechelewa, Yaya, sijui niandike nini. Msimfiche. Msitafute mgeni wa kumzika. Ninajua mgeni huyo anavyofanya haraka.

Nisalimie shangazi, mwambie goti alipake mafuta ya mawese ya moto kama zamani. Nisalimie mume wako na mpunga wake. Watoto wako waambie mjomba wao anawakumbuka kwa majina yote. Jirani aliyepewa cherehani umsalimie vizuri, umwombe asiiuze. Binamu mwambie sina hasira naye, bali aende alale chumba kimoja na Papa. Mama mkwe wako, aliyeniombea nilipoondoka, mwambie aniombee tena na safari hii asifupishe.

Kwa Papa sitoi salamu. Nikimsalimia atajibu hajambo, na ninyi mtatosheka.

Mimi mdogo wako, ambaye simu yake iko wazi wakati wote,

Salumu